Silikoni kwenye sampo sio wizi, tatizo ni inavyopakwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyelalamika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba fundi kampakia "gundi", yaani silikoni, kwenye injini ya Toyota IST yake badala ya kumfungia gasketi, ule utando wa raba au karatasi unaoziba maungio ya injini, halafu akamalizia kwa kusema mafundi wote ni wababaishaji. Mi ni fundi, nipo huku Msamvu Morogoro, na hasira zake nazielewa kabisa maana gari kuvuja oili inakera, unapaki kwa watu unaacha doa unaona aibu, ila kuna kitu amekichanganya na sasa hivi wateja wanakuja gereji wanataka mambo ambayo hayapo.

IST haina gasketi ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Haina tangu kiwandani, zile injini za 1NZ na 2NZ Toyota wenyewe wanafunga sampo kwa silikoni tu, na kava ya mbele ya cheni nayo ni silikoni, kwahiyo fundi aliyekupakia "gundi" pale chini kafanya kile kile kilichofanyika Japani. Sasa mteja aking'ang'ania gasketi, kuna fundi atakukatia ya karatasi ili uridhike umlipe uondoke, na hapo ndo utavuja kweli kweli.

Lakini ukipanda juu kwenye tapeti kava, ile inayofunika vavu juu ya injini, mambo yanageuka. Kule kuna gasketi ya raba, inakaa kwenye mfereji wake, na ile raba inatakiwa ifungwe kavu. Silikoni inawekwa sehemu mbili tu, pale pembeni kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, kwa sababu vyuma viwili vikikutana panabaki kijingazi kidogo ambacho raba peke yake haikizibi, unaweka tone tu basi. Sasa mafundi wenzangu, na hapa nawasema maana tunajuana, wengi wanazungusha silikoni raba nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, eti "kwa usalama". Usalama gani? Silikoni mbichi inateleza, ukianza kukaza bolti raba inasogea inatoka kwenye mfereji, upande mmoja inabanwa nusu upande mwingine imechungulia nje, wiki mbili oili inatiririka juu ya ekzosi, moshi mpaka ndani ya gari. Halafu bolti zenyewe za ile kava zinataka kukazwa kwa kama Nm 10 hivi kwenye spana ya kipimo, ni kidogo sana, mtu anashika ratcheti ndefu anakaza kama anakaza nati za tairi.

Kibaya zaidi ni ile inayobaki ndani. Ukipaka silikoni nyingi, ukikaza inatoka pande mbili, ya nje unaiona unaifuta kwa kidole unafurahi, ya ndani huioni. Inakauka, inakatika, inaanguka kwenye oili. Mimi nikishusha sampo za magari yaliyopita mikono mingi kitu cha kwanza naangalia lile chujio la pampu ya oili, na mara nyingi utakuta nyuzi za silikoni zimejisokota pale kwenye wavu kama tambi, nyekundu, bluu, nyeusi, kila fundi na rangi yake. Wavu ukiziba pampu inakosa oili, presha inashuka, taa ya oili inawaka kwanza ukiwa sailensa tu, yaani injini inawaka hujakanyaga mafuta, baadae hata barabarani, beringi za konrodi zinaanza kugonga na injini imekufa hivyo, kisa mtu alikua anaziba kitone cha oili. Kwahiyo ukiuliza silikoni inaua injini jibu ni ndio inaua, ila ile iliyozidi, sio ile iliyopakwa inavyotakiwa.

Inavyotakiwa ni hivi, na mteja pia ajue ili asimvuruge fundi. Silikoni ya zamani inatolewa yote, kwa kitu cha plastiki au wembe wa kukwangulia ukitumiwa taratibu, sio bisibisi, maana bloku ni alminiamu na mkwaruzo mmoja tu wa bisibisi ni njia mpya ya oili. Msasa nao sipendi, ule unga wake ukiingia ndani unakula beringi. Sampo yenyewe ni bati, kama ilishakazwa na watu wenye nguvu utakuta pale kwenye matundu ya bolti bati limebonyea, inabidi uilaze kwenye ubao ugonge taratibu mpaka likae sawa, bila hivyo hata upake tyubu nzima katikati ya bolti na bolti patabaki wazi. Baada ya hapo unafuta mafuta kwa brekiklina, ile dawa ya kusafishia breki, mpaka kitambaa kitoke cheupe, na hii ndo sehemu watu wanaruka, kwa sababu bloku inaendelea kudondosha oili hata saa nzima baada ya kumwaga, unapaka hapa tone linaangukia pale, silikoni haishiki kwenye mafuta. Gari iachwe ichuruzike usiku mzima kama inawezekana. Ukishapaka, mstari mmoja wa milimita 3 mpaka 5 unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, sampo ipande ndani ya dakika 3, na oili usiweke kabla ya masaa 2. Hiyo ni ya Toyota sijaitunga mimi.

Sasa niambieni, mteja gani Bongo anakubali kusubiri? Amesimama juu ya kichwa chako, simu inaita, "fundi bado tu?", anataka oili iingie sasa hivi awahi Dodoma. Silikoni hii inakauka kwa unyevu wa hewa, haisikii kelele za mtu, ukiwasha injini ikiwa bado laini presha na joto vinaisukuma nje, na ukifika Gairo ishaanza kudondoka. Halafu ndo anaandika barua gazetini.

Na tyubu pia ziangaliwe. Kuna ile silikoni ya kubandikia vioo vya madirisha, inanuka siki ukiifungua, hiyo wengine wanaitumia kwenye injini kwa sababu ni bei rahisi na inapatikana kila duka la hadwea. Ile haihimili oili na asidi yake inakula chuma. Kama fundi wako anapaka kitu kinanuka siki mwambie aache.

Kwenye pikipiki ni hadithi nyingine kabisa. Kava ya klachi ya bodaboda inatumia gasketi ya karatasi na vijana wetu wana ufundi mkubwa, anachukua karatasi ya gasketi analaza juu ya kava anagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, tak tak tak, chuma chenyewe kinaikata, dakika chache ana gasketi imekaa sawasawa. Napenda sana ile kazi. Ila unene uwe ule ule wa mwanzo, asikate kwenye boksi la viatu, sababu kuna sehemu, hasa kwenye baadhi ya pampu za oili, unene wa gasketi ndo unaoweka nafasi ya gia kuzunguka, ukiongeza unene presha inapungua, ukipunguza inabana. Gasketi ya silinda hedi sitaki hata kuizungumzia, pale ni moto na mgandamizo, silikoni haina kazi.

Kitu kimoja tena kwa yule ndugu. Kama umefunga vizuri na bado inavuja kila sehemu, juu, chini, kwenye sili za krenki, acha kununua gasketi. Mwambie fundi afungue ile vavu ndogo ya PCV pale kwenye tapeti kava aitikise, ikiwa nzima inalia klik klik, ikiwa imejaa matope ya oili hailii, maana yake mvuke wa injini hauna pa kutokea unasukuma oili ipite kwenye kila sili. Vavu hiyo bei yake ni ndogo kuliko kushusha sampo mara moja.

Kwahiyo IST yako irudishe kwa fundi yule yule, mwambie aishushe sampo mbele yako umuone anavyosafisha, uangalie na chujio, halafu muachie gari ilale.

Fundi wa magari,
Msamvu, Morogoro