Msukule sio unga usoni

Mhariri, salamu toka Makorora, Tanga. Kuna msomaji wenu kaandika kwamba filamu za mazombi, yaani wafu wanaofufuka, zote zilezile tu, damu na makelele, nikajua huyu ndugu hajaiona ile ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead. Mimi nimeiona juzi kwenye simu ya mpwa wangu, bure na wala sio wizi, maana wasambazaji walipoibadilisha jina wakasahau kurudishia alama ya hakimiliki, ikawa mali ya kila mtu. Hasara yao.

Sasa picha yenyewe haina rangi, damu ni sosi ya chokoleti, nyumba moja tu ya shamba huko Pennsylvania, na hilo neno zombi halitamkwi hata mara moja. Wale wafu nao wanajikokota kama watu waliotoka kula pilau la harusi, ukiamua unawapita kwa mguu. Lakini wallahi usiku ule uani sikwenda peke yangu.

Kinachotisha ni hawa wazima waliojifungia ndani. Kuna Ben, jamaa mweusi, anapigilia mbao madirishani, na kuna Bwana Cooper anang'ang'ania wote washuke chumba cha chini wajifungie, basi wanagombana hao mpaka wafu wanapata upenyo. Na kinachouma, chumba kilekile alichokikataa Ben ndicho kilichomsitiri mpaka kukakucha, halafu asubuhi anachungulia dirishani, wenye bunduki wanaosaka wafu wakamdhania naye mmoja wao, wakamtwanga ya kichwa. Mwaka uleule aliouawa Martin Luther King, we fikiria. Mpwa wangu akaniuliza, "Anko, ndo imeisha?"

Sisi hapa hadithi tunayo tena kali zaidi. Msukule kwetu ni mtu umemzika mwenyewe, umekula na ubwabwa wa hitima, halafu unasikia yupo kwa mtu analimishwa usiku anakula pumba. Nani kamchukua? Shangazi? Yule jirani aliyelia kuliko wote msibani? Hapo ndo pa kukaa watengeneza filamu wetu, sio kumpaka mtu unga, kinanda juu, anakoroma nusu saa nzima. Kuna filamu moja nilinunua pale Ngamiani, msukule kafufuka kaburini na saa mkononi, na saa yenyewe inaenda.

Msomaji wenu, Tanga