Saa ya Taylor na magunia ya Kasese

Kasese, Jumapili jioni

Ndugu yangu Musa,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya Rwenzori. Mama watoto anakusalimu, na watoto wanauliza utakuja lini tena na wale samaki wa Jinja. Sisi wazima, ila joto tu.

Uliniuliza kwenye simu kama haya masomo ya jioni yana faida kwa mtu wa umri wangu, nikakujibu kwa mkato kwa kuwa salio lilikuwa linaisha. Sasa nakujibu vizuri.

Muhula huu tunasoma wale wazee walioanzisha nadharia za uongozi wa kazi miaka mia na zaidi iliyopita. Nilidhani ni majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kumbe ni habari za stoo yangu mwenyewe. Ngoja nikuanzie na aibu yangu.

Mwezi uliopita bosi aliniita akasema wapakizi wanazembea, lori moja linawachukua karibu saa mbili. Mimi msimamizi mpya, nataka kuonekana ninajua kazi. Nikasimama mlangoni na simu mkononi, nikapima: tangu mtu anapotwishwa gunia la kahawa la kilo 60 hadi anapolitua kwenye lori ni sekunde 40. Magunia 200, watu wanne, nikapiga hesabu nikapata dakika 33. Nikawasomea matokeo kama hakimu. Yule mzee wao, ambaye amebeba magunia tangu mimi niko shule ya msingi, akaniangalia, akauliza kwa upole: “Msimamizi, hiyo saa yako inahesabu na mgongo?”

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

Wiki mbili baadaye mwalimu anatufundisha habari za Frederick Taylor, Mmarekani aliyefanya kazi katika viwanda vya chuma. Mwaka 1899, kule Bethlehem, Pennsylvania, watu walikuwa wanapakia vipande vya chuma kwenye mabehewa, kila kipande kilo 42 hivi, na kila mtu alipakia wastani wa tani 12 na nusu kwa siku. Taylor akaja na saa yake. Akamchagua mtu mmoja, akamwambia: beba ukiambiwa beba, kaa ukiambiwa kaa. Jioni yule mtu alikuwa amepakia tani 47 na nusu! Mshahara wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Kwa hiyo chuma kiliongezeka karibu mara nne, na mshahara haukufika hata mara mbili. Hapo darasa zima tuliguna.

Lakini soma tena hayo maneno: kaa ukiambiwa kaa. Taylor na wenzake walikuta kwamba kwa mzigo wa kilo 42, mtu mwenye nguvu anapaswa kuwa na mzigo mwilini kwa asilimia 43 tu ya siku. Asilimia 57 awe mtupu, anarudi mikono mitupu au amekaa chini. Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi. Dakika zangu 33 zikiwa ndiyo asilimia 43, lori linahitaji saa moja na robo na kidogo, tena hiyo ni kwa kilo 42. Kwa kilo 60, na jua letu hili, saa mbili za wapakizi wangu si uzembe hata kidogo. Ile saa yangu haikuhesabu mgongo.

Kinachoniuma, Musa, ni kwamba sisi mabosi tumeirithi saa ya Taylor tukaacha kiti chake. Simtetei. Aliandika kwamba mtu wa kubeba chuma anafanana na ng’ombe kwa akili, na katika kitabu hichohicho cha mwaka 1911 anasimulia kwamba huyo “ng’ombe” wake, baada ya kazi, alikuwa anajijengea nyumba kwenye kiwanja alichonunua. Ng’ombe gani huyo anayenunua kiwanja? Mwaka huohuo mafundi wa kiwanda cha silaha cha jeshi kule Watertown waligoma walipoona saa inaletwa, na baadaye Bunge la Marekani likapiga marufuku kupima wafanyakazi kwa saa katika viwanda vya namna hiyo vya serikali.

Mwingine ni Henri Fayol, Mfaransa, na huyu utampenda kwa sababu ni mtu wa migodi kama marehemu baba. Alianza kazi mgodini mwaka 1860, akapewa kampuni nzima mwaka 1888 ikiwa inakaribia kufilisika, akaiokoa. Mwaka 1916 akachapisha kanuni zake 14. Nyingine ni za kawaida tu, utaratibu, haki, nidhamu. Ila ile ya kwamba mtu apokee amri kwa mkubwa mmoja tu niliisoma mara tatu. Taylor alitaka kinyume chake, fundi mmoja awe na wanyapara wanane, kila mmoja na eneo lake, na Fayol alimpinga hapohapo.

Unakumbuka baba alivyokuwa akisimulia Kilembe, enzi shaba inapanda treni kuja kuyeyushwa kwenu Jinja? Alikuwa akisema mgodini unamjua mnyapara wako kwa sauti hata taa ikizimika. Mimi stoo nina wawili wanaowasha taa kwa wakati mmoja. Meneja anasema pakia, mhasibu wa Kampala anapiga simu anasema usitoe hata gunia moja. Msimu uliopita lori lililala getini siku mbili, na aliyelaumiwa ni nani? Mafahali wawili, zizi moja, na nyasi ni mimi.

Fayol ana dawa ya hilo pia. Watu wawili wa ngazi moja katika idara tofauti waruhusiwe kuzungumza moja kwa moja, ilimradi wakubwa wao wamekubali na wanajulishwa, badala ya kila neno kupanda ngazi hadi juu na kushuka upande wa pili. Yeye aliliita daraja. Mimi naomba namba ya simu ya karani wa Kampala tu.

Weber, Mjerumani, sitakuchosha naye. Yeye ndiye wa kanuni zilizoandikwa, majalada, na ofisa asiyemiliki kiti chake. Ukienda kuomba barua ya LC1, lile baraza la mtaa, ukaambiwa mhuri umekwenda mazishini na mwenyekiti, ujue Weber bado hajafika mtaani kwenu.

Kwa bosi nimeomba vitu vitatu: benchi mbili kivulini, nyongeza ya malipo kwa kila lori, na amri zote zipitie kwa meneja. Benchi amekubali. La pili alinyamaza, akafungua droo, akafunga. Jumatatu saa tatu nakutana naye tena, na karatasi yangu ya hesabu ninayo. Yule mzee nimemwomba aje nami, amesema atakuja akipata shati.

Nimempelekea langu la bluu.

Msalimie mama sana.

Ndugu yako,
Isa