Malalamiko: diski ya TB 4 mliyotufungia Chake Chake

Kwa Meneja wa Huduma za Ufundi,

Assalaam alaykum.

YAH: UFUNGAJI MBOVU WA DISKI YA DATA

Umeme ulipokatika Jumanne na kurudi, seva yetu haikuwaka hadi mwisho. Ilisubiri diski ya data sekunde 90, kisha ikaingia hali ya dharura, na hapo mtandao huwa bado haujaamka, basi kuingia kwa mbali hakuwezekani. Ikabidi itafutwe kibodi na skrini. Mashine pepe zote 6 (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani yake) zililala. Umeme kukatika Pemba si ajabu, wala hilo hatuwadai nyinyi.

Tunachowadai ni mstari huu wa /etc/fstab, faili linaloiambia seva ipachike (ifungue) diski zipi inapowaka:

/dev/sdb1 /data ext4 defaults 0 2

Jina sdb si mali ya diski. Linux huyagawa majina hayo kadiri inavyozigundua diski, na kila ikiwaka mpangilio waweza kugeuka. Mlipoongeza diski ya akiba, hiyo ndiyo ikawa sdb, ya data ikasogea kuwa sdc. Ya akiba haina partisheni (sehemu iliyogawanywa ya kuwekea data), kwa hiyo sdb1 haikuwapo. Amri ya blkid ingewapa UUID, namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya diski yenyewe, ambayo haiguswi na kuhama huko.

Fundi wenu kwa simu alitwambia tuongeze tu neno nofail kwenye mstari huo, seva iendelee kuwaka hata diski isipoonekana. Hiyo peke yake ni kuhamisha msiba: diski isipopachikwa, /data inabaki folda tupu ndani ya diski ya mfumo, nakala za usiku zinamiminika humo, inajaa, na seva nzima inakwama. Kwenye Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, hifadhi ya namna hii iwekewe na is_mountpoint, yaani isitumike mpaka diski iwe imepachikwa.

La pili: amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, inaonyesha diski 3.6T (ndiyo TB 4 kwa hesabu ya 1024), partisheni 2T. Mmeigawa kwa MBR, jedwali la partisheni la zamani, ambayo kwa sekta za baiti 512 haivuki hapo. 1.6T tumezilipia, hazitumiki.

Fundi arudi kwa nauli yenu. Achukue nakala ya data kwanza, ageuze jedwali liwe GPT, lisilo na kikomo hicho, apanue partisheni, kisha apanue mfumo wa mafaili kwa resize2fs, aandike UUID kwenye fstab, na aizime na kuiwasha seva mara 2 mbele yetu. Asituoneshe amri ya mount -a (hupachika vilivyo kwenye fstab bila kuwasha upya) akaondoka. Hiyo husoma majina ya leo tu. Salio la malipo tumelizuia mpaka hapo.

Kitengo cha TEHAMA,
Chake Chake, Pemba