Wavu wako wa jarife bado uko darini

Mwana wa ami,

Assalam aleikum. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei. Jana ilikuwa arobaini ya ami. Hukuja kuzika, hukuja kwenye khitma, na jana pia hukuja. Watu wakaniuliza mimi. Nikawaambia basi limekwama Minjila. Nimekusemea uongo mbele ya wazee.

Lakini mimi bado niko pale dakani, kwenye baraza la mlangoni, Oktoba 2011. Wiki tatu nyuma Mwingereza alikuwa amepigwa risasi Kiwayu na mkewe kuchukuliwa kwa boti. Kisha alfajiri ya tarehe 1 watekaji wakaingia kisiwa cha Manda, wakambeba yule mama wa Kifaransa, mgonjwa, wakaacha kiti chake cha magurudumu na dawa zake. Manda, ng'ambo yetu hapa Lamu! Askari wakapita mtaani wakiuliza nani alilala baharini. Nikakutaja.

Ulirudi siku ya nne na kikoi kilekile. Nikakumiminia kahawa. Ukakitazama kikombe, ukakifudikiza bila kukigusa mdomoni, kahawa ikatiririka juu ya jiwe mpaka miguuni pangu. Hukusema neno. Bora ungenipiga.

Nilidhani wakikuuliza uliona nini, huenda yule mama akapatikana. Uliona boti au hukuona? Mpaka leo hujaniambia. Akafia Somalia mwezi uleule, mbali na dawa zake. Tarehe 16 jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia, na sisi tukakatazwa kuvua usiku. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mchana samaki huliona jarife, hukwepa. Yule mke wa Mwingereza aliachiwa Machi 2012, jamaa zake wakalipa fidia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila usiku wetu haukuwa na wa kuukomboa. Ukauza dau, ukaenda Mombasa kubeba magunia, wewe uliyekuwa ukijua miamba yote mpaka Ndau kwa giza.

Kwa hiyo usiniwekee mimi yote. Marufuku sikuitoa mimi. Boti sikulileta mimi. Na ningenyamaza wangenichukua mimi, nina watoto watatu, mdogo alikuwa bado ananyonya. Niliogopa, ndugu yangu. Nimelisema.

Rudi hata siku mbili. Kaburi la ami halijajengewa, linakungoja. Jarife lako nimelitundika darini, nimelifuma palipokatika, panya hawajalifikia. Mkeo mlete, hapa hatumjui hata sura.

Jana watu walipoondoka, mama yako aliniuliza ni nani aliyekutaja kwa askari. Miaka yote hii hukumwambia! Alikuwa akiosha vikombe vya kahawa kwenye karai. Nikamwambia ni mimi. Akaendelea kuosha, kimoja kimoja, mpaka vikaisha, kisha akavifudikiza vyote kwenye sinia.