Kwa Nini Tunakadiria Mtiririko wa Sumaku Kabla ya Kukata Chuma

Wateja wetu wa Lamu wanaoagiza jenereta ya upepo iliyoundwa kwa mkono huuliza kwa nini siku za mwanzo fundi huketi mbele ya kompyuta badala ya kushika msumeno. Sababu ni kwamba koili za shaba zikishamiminiwa rezini, gundi inayoganda ngumu, hazifumuliki tena, na kosa la milimita chache huganda humo humo.

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba umeme huzaliwa katika waya pale mtiririko wa sumaku (kiasi cha nguvu ya sumaku) unaoupitia unapobadilika. Kusi likivuma, mapanga huzunguka kwa kasi na volti hupatikana bila taabu. Wakati wa maleleji, hata hivyo, jenereta yenye mtiririko hafifu haifikii volti za betri hata ikizunguka mchana kutwa.

Kukadiria mtiririko huo tunatumia FEMM, programu ya bure ya kompyuta iliyoandikwa na David Meeker. Chukua sahani mbili za chuma zinazotazamana, zenye sumaku za neodimi za unene wa milimita 10 na upana wa milimita 30. Koili, inayokaa katikati ya sumaku hizo, ina unene wa milimita 11. Kila upande huongezwa milimita 1 ya nafasi ili visikwaruzane, na milimita 1 ya rezini inayokinga sumaku na hewa ya chumvi, ambayo huku kwetu hatuthubutu kuiacha. Pengo kati ya sumaku basi ni milimita 15, na hesabu ya kwanza, kabla ya kutoa kinachovuja pembeni, hutoa takriban tesla 0.7 (tesla ni kipimo cha msongamano wa mtiririko wa sumaku). Likipanuliwa hadi milimita 20, zaidi ya sehemu moja ya kumi hupotea.

Kinachosahaulika zaidi ni unene wa sahani yenyewe. Mtiririko wa kila sumaku hugawanyika ndani ya chuma, nusu kulia na nusu kushoto, kwenda kwa sumaku jirani. Sahani ya milimita 6 hulazimika kubeba karibu tesla 1.8, kiwango ambacho chuma laini kimekaribia kushiba, yaani kushindwa kubeba zaidi, na mtiririko huanza kutokea nyuma. Msumari ukinata kwa nguvu mgongoni mwa sahani, ndiyo dalili yake. Sahani ya milimita 10 hubeba tesla 1.1 tu, na kwa sababu hiyo hatukubali kuipunguza hata mteja akiomba nafuu ya bei.

Kwa kuwa mchoro wa FEMM ni bapa na hauoni kinachovuja kwenye ncha za sumaku, tunazungusha kwanza waya wa koili moja ya majaribio na kupima volti zake mbele ya mteja, ndipo tunapomimina rezini.