Wazee wetu wanatishwa kwa madeni yaliyopitwa na wakati

Mhariri,

Mjane mmoja jirani yetu anapigiwa simu usiku na mawakala wa kukusanya madeni. Wanadai mkopo ambao mara ya mwisho aliulipia mwaka 2011. Wanamtajia polisi, kisha wanalegeza sauti na kumsihi atume angalau shilingi mia tano ili faili lake litulie.

Hiyo mia tano ndiyo mtego. Sheria ya Kenya ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inampa mdai wa mkataba miaka 6 kwenda mahakamani. Lakini mdaiwa akilipa sehemu yoyote, au akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, muda huanza kuhesabiwa upya. Mawakala wanalijua hilo vyema. Mama huyu hakulijua, wala hakujua kwamba kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai.

Nawasihi wenye wazazi wakongwe: ombeni kwanza mkataba na taarifa ya malipo kwa maandishi, kabla ya kutuma chochote. Barua ya mahakama ikija, msiikalie, kwa maana hoja ya muda kupita lazima itolewe na mdaiwa mwenyewe katika utetezi wake.

Nayo Benki Kuu iyalazimishe mabenki kumweleza mteja, kwa Kiswahili, tarehe ya malipo yake ya mwisho kila wanapomkabidhi kwa mawakala.

Msomaji,
Nakuru