Asante mama wa kwenye pantoni ya Kigamboni

Jamani naomba nimshukuru mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza, tulikaa benchi moja kwenye pantoni jumamosi asubuhi. Nilikuwa nasuka ukili, ule mkanda wa majani ya ukindu, wa kumalizia kikapu, na kila nikikunja kona ukindu unakatika, machozi yananilenga maana ilikuwa oda ya bi harusi na ukindu wenyewe umebaki kiganja tu.

Akanitazama akasema mwanangu, unasuka mkavu huo. Akachukua maji yake ya kunywa akalowesha khanga, akauviringisha ukindu ndani, akaniambia tulia kwanza. Tulivyoshuka ng'ambo umelainika, unapinda bila kulia.

Hakuishia hapo. Nikamwambia na mikono ya kikapu sijui nafanyaje, ngozi sina na hela ya kununua sina, akaomba mfuko wangu wa vipande vya vitenge, yale masalio ninayookota kwa fundi cherehani, akachana vitatu virefu akavisuka kama nywele, vikakaza kabisa, halafu akanishonea upande mmoja kwa sindano ya gunia ili nione anavyorudia tundu lile lile mara mbili. Upande wa pili nikashona mwenyewe. Watu wanapita na mabaskeli yao yeye hana haraka!

Bi harusi kapenda sana ile mikono kuliko kikapu chenyewe.

Mama, khanga yako niliondoka nayo. Nimeifua, nimeipiga pasi. Jumamosi nitakuwa pale pale asubuhi, na jumamosi inayofuata pia.